MATUSI YA WAKUBWA NI URITHI WA WATOTO

Mtoto akitukana mbele ya watu hukemewa papo hapo. Mama humwita ndani, mwalimu humwadhibu, hata mpita njia humwuliza: "Wewe, nani aliyekufundisha maneno hayo?" Swali hilo ni jema, lakini ni mara chache twangoja jibu lake, maana jibu lingetutia haya. Aliyemfundisha ni mtu mzima.

Basi leo twataka kusema juu ya huyo mtu mzima. Yeye akitukana sokoni Butembo, au penye kituo cha pikipiki za abiria huko Beni, au mezani pake mwenyewe, nani amkemee? Mdogo hawezi, kwa sababu ya heshima. Mwenzake hataki, kwa kuogopa ugomvi. Na hivyo tusi la mkubwa hupita kama upepo, na watu huendelea kupima maharagwe yao. Lakini je, limepita kweli?

MAJIBU MATATU

Ukimwuliza mtu mzima kwa nini atukana, atakupa jibu moja katika haya matatu. La kwanza: "Mimi si mtoto, ulimi ni wangu." La pili: "Hayo si matusi, ni mazoea tu, ni chumvi ya mazungumzo." La tatu: "Maisha ni magumu, na hasira yatafuta mlango wa kutokea."

Tusiyacheke majibu haya. Asukumaye chukudu yenye mzigo mzito katika vilima vya Butembo, na gari likamrushia matope, ana sababu ya kukasirika. Mama aliyelala njaa pamoja na watoto, kisha akadanganywa bei, naye ana sababu. Sisi hatuandiki ili kuwahukumu watu waliochoka. Twataka kuyapima majibu hayo kwa haki, tuone yana uzito gani.

KWANZA TUTENGE MANENO

Watu wengi huchanganya mambo ambayo si mamoja. Kutukana ni kumvunjia mtu heshima yake kwa neno. Kulaani ni kumtakia mabaya. Kuapa ni kumwita Mungu awe shahidi, na afanyaye hivyo kwa sababu ya bei ya nyanya amemwita Shahidi mkubwa mno kwa kesi ndogo mno. Kukufuru ni kumdharau Mungu mwenyewe. Kukemea nako ni jambo jingine kabisa: ni kusema ukweli mkali ili mtu ajirudi. Bwana wetu alimwita mfalme Herode mbweha, wala hakuna asemaye kwamba alikuwa na ulimi mchafu.

Tena, jina la kiungo cha mwili si tusi kwa nafsi yake. Mgonjwa akimweleza daktari mahali paumapo, asema maneno halali, na mwalimu wa elimu ya viumbe hali kadhalika. Neno lile lile likitupwa usoni pa mtu, na hasa likitajwa pamoja na jina la mama yake, limekuwa jiwe. Mama huyo hayupo, hakukosa neno, hawezi kujitetea. Naye ndiye apigwaye. Ndiyo sababu tangu pwani ya Bahari ya Hindi hata milima ya Kivu tusi la mama huhesabiwa kuwa zito kuliko yote.

WAZEE WALIWEKA UA

Wengine husema kwamba hata wazee wa kale walitaniana kwa maneno makali. Ni kweli, lakini tazameni jinsi walivyofanya. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki, babu na mjukuu waweza kutaniana kwa maneno ambayo baba na mwana hawathubutu kuyatamka. Huko Tanzania, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani aweza kumfanyia mwenzake mzaha hata penye msiba, na hakuna anayekasirika. Utani ulikuwa na ua wake. Kila mtu alijua ni nani amtanie, mahali gani, na kwa kadiri gani. Aliyeruka ua huo hakuitwa mtani tena. Aliitwa mkosaji, naye alidaiwa fidia.

Kwa Wanande, ambao pia huitwa Wayira, palikuwapo kyaghanda, nyumba ya mazungumzo, ambamo wanaume na vijana walikusanyika penye moto. Humo kijana alijifunza mashauri, hadithi na namna ya kusema mbele ya wakubwa. Leo moto huo umezimika katika nyumba nyingi za mjini. Kijana ajifunza kusema mahali ambapo watu wazima husema: katika gari, penye duka la pombe, katika simu iliyo mkononi mwake. Ua umeanguka, na maneno makali yamebaki. Anayejitetea kwa desturi ya wazee imempasa aichukue yote, pamoja na ua wake.

TUSI LA LUGHA YA KUAZIMA

Katika miji yetu mtu husema lugha tatu au nne kwa siku moja. Nyumbani Kinande, sokoni Kiswahili, ofisini Kifaransa, na Kilingala kwa askari au katika nyimbo. Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya Wabelgiji, na watu wengi wa Kivu walikisikia kwanza katika vinywa vyenye amri na matusi. Hivyo imekuwa desturi kwa mtu ambaye hathubutu kamwe kutukana kwa Kinande, kutukana kwa Kilingala au kwa Kifaransa bila kuona haya. Kwake yeye si tusi, ni sauti tu.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza. Jean-Marc Dewaele, aliyefundisha elimu ya lugha katika chuo cha Birkbeck huko London, alitoa mwaka 2004 habari za watu zaidi ya 1,000 wenye kusema lugha nyingi. Kwa kawaida, walimwambia, matusi ya lugha ya kwanza huuma zaidi kuliko yale ya lugha waliyojifunza baadaye. Basi ni kweli kwamba tusi la kuazima ni jepesi. Lakini ni jepesi kwa nani? Kwa yule aliyeliazima. Watoto wengi waliozaliwa mjini wana Kiswahili kuwa lugha ya kwanza, pengine pamoja na Kilingala cha jirani. Neno ambalo baba alirusha kama unyoya, kwa mtoto laangukia kama jiwe. Na yule askari au mgeni aliyenyonya lugha hiyo kwa mama yake asikia tusi kamili, lisilopungua hata kidogo.

Jibu la pili, lile la "mazoea tu", laanguka hapa. Uzito wa neno haupimwi katika kinywa cha msemaji peke yake. Hupimwa pia katika sikio la msikiaji.

JE, TUSI LAPUNGUZA MAUMIVU?

Sasa tulipime lile la hasira na shida. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa chuo kikuu cha Keele, Uingereza, waliwataka wanafunzi watie mkono katika maji baridi sana. Mara moja walirudia neno la matusi, mara nyingine neno la kawaida. Waliporudia tusi walivumilia muda mrefu zaidi. Wapenda matusi wakifurahia habari hiyo, na wangoje kwanza wasikie mwisho wake. Mwaka 2011 uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wale waliozoea kutukana kila siku hawakupata nafuu kama wale ambao hutukana kwa nadra.

Maana yake ni wazi. Anayejikwaa usiku na neno likamponyoka si sawa na yule ambaye kila sentensi yake ina tusi. Wa kwanza amepata pengine nafuu kidogo. Wa pili ameitumia dawa mpaka imekuwa maji. Yeye akipatwa na shida kweli, hana tena neno la kuibeba. Na mara nyingi asiye na neno hutafuta ngumi.

NENO LILILO KARIBU NA JIWE

Lakini lipo jambo zito kuliko adabu. Katika nchi yetu kuna maneno ambayo hayaishii masikioni. Mwite mama mzee "mchawi" kwa hasira, mbele ya watu, siku mtoto wa jirani amekufa. Katika Kongo ya mashariki wamo waliofukuzwa vijijini mwao, na waliouawa, kwa neno hilo moja. Aliyelisema kwanza pengine alisema kwa hasira tu.

Vivyo hivyo matusi ya kabila. Wazee wetu wakumbuka jinsi Wabelgiji wengine walivyomwita Mwafrika nyani. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alikumbusha mbele ya Mfalme Baudouin matusi hayo ya ukoloni. Tena alikumbusha kwamba hata "wewe" ya Kifaransa ilitumiwa kumshusha mtu mweusi, kwa kuwa namna ya heshima iliwekwa kwa Wazungu. Watu walioumia hivyo kwa neno, wapaswaje kumwita jirani yao wa kabila jingine kwa jina la mnyama? Bado binadamu hajajifunza. Eneo la Beni tangu Oktoba 2014 limezika raia wengi mno waliouawa kwa panga na risasi. Mahali palipo na hofu ya namna hiyo, jina baya likirushwa juu ya mgeni asiyejulikana laweza kumtoa roho kabla hajaulizwa atokako.

Serikali nayo haikuyaona haya kuwa mchezo. Sheria ya adhabu ya mwaka 1940, iliyobaki katika Kongo baada ya uhuru, humpa anayemtukana mtu hadharani kifungo cha siku 8 mpaka miezi 2, au faini. Na sheria ya tarehe 7 Juni 1966 hukataza maneno ya chuki ya rangi na ya kabila. Basi yule asemaye "ulimi ni wangu" na ajue kwamba ulimi ni wake, bali heshima ya jirani si yake.

KINACHOBAKI MDOMONI

Waganga wameona jambo la ajabu kwa wagonjwa wa kiharusi. Mtu aliyepotewa na usemi, asiyeweza kuomba maji wala kutaja jina la mkewe, pengine aweza bado kutoa neno la matusi. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson aliandika habari hiyo katika karne ya 19. Tena wapo wagonjwa ambao hubakiwa na salamu, na hesabu ya moja mbili tatu, na sala walizokariri tangu utoto. Yaani, lile tulilolirudia maelfu ya mara hukaa mahali pa ndani, ambapo hata ugonjwa haufiki upesi. Kila siku twajiwekea akiba humo. Yafaa mtu ajiulize ni akiba gani.

TUFANYE NINI?

Kwa wanafunzi twasema hivi: si kazi yenu kumkemea mzee. Lakini hakuna heshima iwalazimuyo kucheka mzee atukanapo, wala kulirudia neno lake shuleni ili mwonekane wakubwa. Nyamazeni, ondokeni kwa adabu. Ukimya wa mtoto mwema wasikiwa mbali.

Kwa watu wazima twasema: mwenzako akizoea matusi, mwite kando, bila wasikiaji, mwambie kwa upole. Ukimwaibisha mbele ya watu utapata tusi jingine, nalo litakuwa lako. Wenye magari na maduka waweza kuweka desturi penye kazi yao kwamba mteja hatukanwi, hata akikosa bei.

Na kwa baba na mama twasema jambo moja ambalo najua ni gumu kwa desturi zetu. Neno chafu likikutoka mbele ya mwanao, usijifanye hukulisema. Mwambie: "Mwanangu, nimesema vibaya, unisamehe." Wengi huogopa kwamba mzazi akiomba msamaha atapungukiwa na heshima. Sivyo. Mtoto amekwisha sikia tusi. Asiposikia na toba, atachukua tusi peke yake. Akiyasikia yote mawili, atajua kwamba hata ulimi wa mkubwa una bwana wake, na siku atakapokuwa mkubwa yeye, atakuwa na kitu cha kuwarithisha watoto wake.