Lupita Nyong'o: Jukwaa lililomlea nyota wa filamu

MWIGIZAJI Lupita Nyong'o anafahamika kote duniani kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, aliyoitwaa Machi 2, 2014. Hata hivyo, anayefuatilia safari yake kwa makini atabaini kuwa msingi wake umo katika jukwaa la tamthilia, na kwamba jukwaa hilo ndilo lililomkinga asifungiwe katika aina moja ya nafasi.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983 na wazazi Wakenya, akalelewa Nairobi. Akiwa na umri wa miaka 14 alicheza nafasi ya Juliet katika Romeo and Juliet ya Shakespeare, na kundi la Phoenix Players la jijini humo. Baadaye alisomea filamu na uigizaji katika Chuo cha Hampshire, Marekani. Mwaka 2009 alitoa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya Wakenya wenye ualbino.

Alikuwa anakaribia kuhitimu shahada ya uzamili katika Shule ya Maigizo ya Yale, mwaka 2012, alipopewa nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Mtumwa huyo ndiye aliyemletea Oscar. Lakini sifa hiyo ilikuja na mtego: mwaka 2025 alieleza kuwa baada ya ushindi aliletewa nafasi nyingine za watumwa.

Jibu lake lilikuwa kurudi jukwaani. Mwaka 2015 aliigiza jijini New York katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliokumbwa na vita vya Liberia. Aliifahamu tangu mwaka 2009, alipokuwa mwigizaji wa akiba katika maonyesho yake huko Yale. Mwaka 2016 ilihamia Broadway, naye akateuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Faida ya jukwaa haifichiki. Katika filamu, kosa hurekodiwa upya. Jukwaani, mwigizaji hubeba nafasi yake mfululizo kwa mwili na sauti mbele ya watazamaji. Nidhamu hiyo ilionekana mwaka 2019 katika Us, alipoigiza wanawake wawili wenye sura moja, na tena mwaka 2024 katika A Quiet Place: Day One, ambamo kelele huleta kifo na hivyo uso hulazimika kusema zaidi ya kinywa.

Mwaka 2025 alirejea kwa Shakespeare, safari hii katika Twelfth Night kwenye ukumbi wa wazi wa Delacorte, New York. Alikuwa Viola, ndugu yake wa damu, Junior, alikuwa Sebastian, pacha aliyetenganishwa naye na dhoruba baharini. Katika maonyesho hayo, pacha hao walizungumziana kwa Kiswahili.