Kweli au Uongo? Asili za Koo Kati ya Bungoma na Kitale

Kwenye matanga, kwenye sherehe za tohara na hata ndani ya matatu ya kutoka Bungoma kwenda Kitale, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye asili: nani alitoka wapi, nani alimtangulia nani. Mengi yanayosemwa ni kweli. Mengine ni uongo uliozoeleka, na katika mapigano ya 1991 na 1992, kisha Mlima Elgon kuanzia 2006, watu waliuawa na kufukuzwa mashambani kwa madai ya nani mwenyeji na nani mgeni. Ndiyo maana inafaa tuyapekue.

"Akina Wafula wote ni ndugu."

Uongo. Wafula ni mtoto wa msimu wa mvua, Simiyu wa kiangazi, Wekesa wa mavuno, Wanjala wa wakati wa njaa. Majina haya hupatikana katika koo nyingi za Wabukusu. Yaligeuka majina ya familia pale shule, kanisa na ofisi za serikali zilipotaka kila mtu aandikwe na jina la baba yake. Kinachofunga udugu ni ukoo. Posa inapoletwa, wazee huuliza koo mbili, ule wa baba na ule wa mama, kwa kuwa kote kuwili ni mwiko kuoa.

"Babu hakuwa na cheti, kwa hiyo mwaka wake haujulikani."

Uongo, na huu ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu wanaousema mara nyingi hawajamuuliza babu swali lenyewe. Usimwulize alizaliwa lini. Mwulize alitahiriwa na rika gani. Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kila moja huchukua miaka kumi hivi, na wavulana hutahiriwa miaka ya shufwa. Kinyikeu walikuwa 1936 hadi 1946, Nyange 1948 hadi 1958, Maina 1960 hadi 1970. Mzee wa Nyange aliyetahiriwa akiwa na miaka kama 15 basi alizaliwa kati ya 1933 na 1943. Kisha mwulize alitahiriwa pamoja na nani, na kati ya ndugu zake nani alitangulia kwenda mtoni kupakwa matope. Ukipata majibu hayo, umepata mpangilio wa kuzaliwa kwa wanaume wa boma zima bila karatasi hata moja.

Kuna mtego mmoja. Marika huzunguka. Kolongolo walitahiriwa miaka ya 1900 hadi 1910, wakarudi tena 2000 hadi 2010. Ukikuta jina hilo katika simulizi ya familia, hakikisha kwanza ni la karne gani.

"Wabukusu na Wasabaoti hawajawahi kuwa na la pamoja."

Uongo, na ushahidi ni yaleyale marika. Wasabaoti ni Wakalenjin wa Mlima Elgon, na Wakalenjin wana Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyigei na Nyongi. Yaweke kando ya manane ya Kibukusu, usome kwa sauti. Wabukusu wenyewe husimulia kwamba Mango, shujaa aliyeua nyoka kule Mwiala, alitahiriwa na majirani hao wa mlimani. Sisemi walikuwa hawapigani; walipigana sana. Lakini watu hawashiriki kalenda nzima ya utu uzima bila kuishi pamoja, kuoana na kufundishana kwa vizazi.

"Trans Nzoia ilikuwa pori tupu kabla ya walowezi."

Uongo mtupu. Walowezi wengi walikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikafika Kitale 1926. Wasabaoti walikuwa wameshalisha huko, na Wamaasai pia. Kabla yao waliishi wafugaji wa kale, Wasirikwa, ambao mashimo yao bado yanaonekana kama mabonde madogo ya mviringo kwenye malisho. Zamani ilidhaniwa watu waliishi ndani ya mashimo hayo. Utafiti wa mwanaakiolojia John Sutton ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe: mlango uko upande wa mteremko, na nje yake kuna kichuguu cha samadi na matope yaliyozolewa humo miaka nenda miaka rudi. Nyumba ilijengwa ubavuni. Pori tupu halizolewi samadi.

"Ngome ya Chetambe ni ya Wabukusu."

Nusu kweli. Wabukusu walipigana hapo juu ya Webuye mwaka 1895 dhidi ya kikosi cha kikoloni cha C. W. Hobley, na wengi wakauawa. Lakini Chetambe mwenyewe hukumbukwa kuwa Mtachoni, si Mbukusu.

"Waturkana wa Kipsongo ni wapita njia, hawana historia hapa Kitale."

Uongo. Kipsongo ni mtaa wa mabanda wa Kitale, na Kitale ndiyo mlango wa barabara ya Lodwar, huko Turkana. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na kutoka au kuingia kulihitaji kibali, hivyo si ajabu kwamba karatasi za familia ni haba. Kumbukumbu zipo. Waturkana huita miaka kwa majina ya balaa: Namotor ni ukame wa 1960, Lopiar ni ule wa 1979 na 1980 ulioteketeza mifugo. Bibi anayesema alishaolewa Lopiar ilipokuja ametaja tarehe, sawa na mzee wa Nyange. Makumbusho ya Kitale yalianza kwa vitu alivyokusanya mlowezi mmoja, Hugh Stoneham. Simulizi za Kipsongo zinastahili kurekodiwa na kuwekwa humo, kwa majina ya wasimulizi wenyewe, wakati wale wa Lopiar bado wapo kuulizwa.