Anwani Zinazosomeka: Vigezo Katika Tovuti ya Kamusi

Mwanachuo wa isimu anapomaliza tasnifu yake huorodhesha vitabu alivyovitumia, kila kimoja kwa jina la mwandishi, mwaka na mahali kilipochapishwa. Siku hizi orodha hiyo hupokea pia anwani za intaneti, na hapo ndipo mashaka huanzia. Kitabu kikihamishwa kutoka rafu hadi rafu hakipotezi jina lake. Ukurasa wa tovuti hauna jina jingine ila anwani. Anwani ikibadilika, rejeo lililomo katika tasnifu halimfikishi msomaji popote. Makala haya yanaeleza jinsi mwenye kuandaa tovuti ya kamusi awezavyo kuunda anwani zenye kusomeka na kudumu.

Muundo wa anwani uliwekwa rasmi Desemba 1994 na Tim Berners-Lee pamoja na wenzake wawili. Kwanza huja jina la seva, kisha njia, na baada ya alama ya kuuliza huja vigezo. Uchukuliwe mfano huu (jina example.org limetengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano tu):

example.org/tafuta.php?lg=2&id=512

Hapa tafuta.php ni programu inayoitwa ifanye kazi, nayo inakabidhiwa vigezo viwili, kila kimoja kikiwa na jina na thamani. Seva inaridhika kabisa. Msomaji wa tasnifu, kinyume chake, hajui kama 512 ni nomino au kitenzi. Aidha, vigezo vikigeuzwa mpangilio, id ikatangulia lg, ukurasa ni ule ule lakini anwani zimekuwa mbili. Kubaya zaidi ni hiyo .php, ambayo inataja chombo: siku chombo kikibadilishwa, anwani inakufa ingawa kamusi ingali hai. Mwaka 1998 Berners-Lee mwenyewe alishauri kwamba kila kilicho rahisi kubadilika kiachwe nje ya anwani.

Dawa yake ni kuandika hivi:

example.org/neno/kitabu

Nyuma ya pazia seva hufuata kanuni moja: lolote lililo baada ya neno/ lichukuliwe kuwa thamani ya kigezo na kupelekwa kwa programu ile ile. Kigezo hakikufutwa, kimevikwa vazi jingine tu. Seva ya Apache ina kifaa cha kazi hiyo, mod_rewrite, kilichotungwa na Ralf S. Engelschall mwaka 1996.

Hata hivyo, si kila kigezo kinachofaa kuhamishiwa kwenye njia. Kinachotaja kitu chenyewe kiwe katika njia. Kinachoeleza namna ya kukitazama kibaki baada ya alama ya kuuliza, kama katika example.org/nomino?ngeli=7&ukurasa=3. Mtu akikata kila kilicho baada ya alama hiyo, bado anafika kwenye orodha ya nomino.

Katika Kiswahili tatizo halisi ni ritifaa. Neno ng'ombe likiingizwa katika kisanduku cha kutafutia, ritifaa yake huwa %27. Lakini programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, nayo hugeuka %E2%80%99. Hivyo neno moja linapata anwani mbili, na yamkini moja kati yake haifiki kokote. Visawe vya Kifaransa navyo havisalimiki: élève huwa %C3%A9l%C3%A8ve. Wahandisi wengi hukata shauri kuondoa alama hizo zote. Mwanaisimu hawezi kulikubali shauri hilo pasipo masharti, kwa kuwa ng'oa (kutoa kitu kilichoshika, kama mti au jino) na ngoa (tamaa au wivu) ni maneno mawili. Kuondoa ritifaa ni kuyafanya moja.

Lililo bora ni kufuata desturi ya kamusi zenyewe, ambazo tangu zamani hutofautisha homonimu kwa tarakimu: neno/ngoa-1 na neno/ngoa-2, kama ambavyo kaa wa pwani, kaa la moto na kaa kwa maana ya kuketi huhitaji kaa-1, kaa-2 na kaa-3. Likipatikana neno la nne, lipewe 4 hata kama mtungaji angependa litangulie, kwani tarakimu iliyokwisha kutolewa haitolewi tena kwa neno jingine. Herufi ziwe ndogo daima, maana katika njia seva nyingi huona Kaa na kaa kuwa mbali mbali.

Yapo mabadiliko ambayo mwenye tovuti hawezi kuyazuia. Zaire ilipopata jina lake la sasa mwaka 1997, .cd iliingia mahali pa .zr, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Anwani zilizoishia kwa herufi hizo hazina pa kuelekezwa tena.

Pale ambapo jina la seva limebaki, anwani za zamani zinaokoleka. Seva hujibu kwa msimbo 301, maana yake ukurasa umehamia kabisa, na kumpeleka msomaji kwenye anwani mpya pasipo yeye kufanya lolote. Kinachohitajika ni jedwali la safu mbili, namba ya zamani upande mmoja na neno upande wa pili. Jedwali hilo lihifadhiwe pamoja na kamusi, wala si katika kompyuta ya mtaalamu aliyelitunga, kwa maana mtaalamu naye huhama.