Nani Kaoa, Nani Kaolewa? Umri, Umaarufu na Kauli za Kitenzi

Wahenga walinena kuwa kipendacho roho hula nyama mbichi. Hata hivyo, mlaji akiwa mtu mashuhuri, nyama hiyo huliwa hadharani na kila mpita njia hujipa haki ya kuionja. Ndivyo ilivyokuwa nchini Kenya mwezi Julai mwaka 2003, pale Bi. Wambui Otieno, mpiganiaji uhuru na mwanasiasa, alipofunga ndoa ya kiserikali jijini Nairobi na Bw. Peter Mbugua, mwashi kwa kazi yake. Bibi harusi alikuwa na umri wa miaka 67, naye bwana harusi alikuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 40. Habari hiyo ilitanda magazetini na redioni, na kwa majuma kadhaa haikukosekana katika mazungumzo ya matatuni na sokoni.

Je, kilichowashtua watu ni pengo la umri lenyewe? La hasha. Miaka mitano awali, tarehe 18 Julai 1998, Nelson Mandela alimwoa Graça Machel siku ileile alipotimiza umri wa miaka 80. Bi. Machel alikuwa na miaka 52. Pengo la miaka 27 halikuonekana kuwa kioja. Aghalabu watu walimpongeza mzee kwa kupata liwazo la uzeeni. Mfano wa pili ni bayana zaidi. Donald Trump wa Marekani amemzidi mkewe Melania kwa takriban miaka 24. Nchini Ufaransa, Brigitte Macron amemzidi mumewe Emmanuel, waliyefunga naye ndoa mwaka 2007, kwa takriban miaka hiyohiyo 24. Hesabu ni moja, lakini ni ndoa ya Macron ndiyo iliyoandamwa zaidi na maswali kuhusu umri. Yamkini, basi, kinachohesabiwa si miaka, bali ni nani aliye mkubwa kati ya mume na mke.

Katika Kiswahili, suala hili limejikita ndani ya kitenzi chenyewe. Kimapokeo, mwanamume *huoa* na mwanamke *huolewa*. Mume ni mtenda katika kauli ya kutenda. Mke ni mtendwa aliyepandishwa hadi nafasi ya kiima katika kauli ya kutendwa. Mazoea haya yana nguvu kiasi kwamba sentensi "Asha alimwoa Juma", ijapokuwa haina kosa lolote la kimuundo, humfanya msikilizaji atabasamu. Vivyo hivyo, kusema kuwa mwanamume fulani "ameolewa" ni kumkejeli, hasa akiishi katika nyumba ya mkewe au akitegemea mali yake. Kejeli hiyo haitokani na sarufi, bali na jamii iliyokwisha kugawa majukumu kabla ya sentensi kutungwa.

Hapa inafaa kuchepuka kidogo ili kulitazama umbo la kitenzi hiki. Mwanafunzi huweza kujiuliza: ikiwa kitenzi ni *oa*, sauti /l/ katika *olewa* imetoka wapi? Jibu limo katika historia ya lugha. Sauti hiyo ilikuwamo zamani, ikadondoka baina ya irabu, kisha ikasalia katika minyambuliko. Ndiyo maana husemwa *toa* na *tolewa*, *ng'oa* na *ng'olewa*, *chukua* na *chukuliwa*. Uteuzi wa irabu, /e/ katika *olewa* na /i/ katika *chukuliwa*, huongozwa na upatanifu wa irabu: mizizi yenye /e/ au /o/ huchukua /e/, na iliyobaki huchukua /i/. Ushahidi mwingine unapatikana Visiwani Komoro, ambako lugha ndugu ya Shikomori ingali na *lola* kwa maana ya kuoa na *ndola* kwa maana ya ndoa. Nomino *ndoa* nayo imehifadhi athari ya /l/ ya mwanzo, kwa kuwa /n/ ikikutana na /l/ huzaa /nd/, kama ilivyo katika *ulimi* na *ndimi*.

Mnyambuliko wa *oa* haukomei hapo. Kuna kauli ya kutendana, *oana*, inayowafanya wawili wote kuwa watenda. Kuna pia kauli ya kutendesha, *oza*, ambayo wengi huirefusha kuwa *ozesha* ili isichanganywe na kuoza kwa tunda. Kutokana na *oza* hupatikana *ozwa*, na hapa ndipo penye uzito. Msichana *anayeolewa* huenda ameridhia. *Anayeozwa* ameamuliwa na mtu wa tatu, awe baba, mjomba au mlezi. Tofauti hii ya viambishi ndiyo ambayo sheria huiangalia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 45, inataka ndoa isimame juu ya ridhaa ya hiari ya pande zote mbili na kuwapa wanandoa haki sawa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaweka umri wa chini kuwa miaka 18. Hakuna kifungu kinachoweka kikomo cha pengo la umri baina ya watu wazima. Kwa maneno mengine, sheria hukataza kuozwa kwa mtoto. Haikatazi ajuza na kijana kuoana.

Bi. Wambui hakuwa mgeni wa kufanywa yambwa. Mwaka 1987 alitaka kumzika mumewe wa kwanza, wakili S. M. Otieno, katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Mahakama ya Rufaa ikaamua azikwe Nyalgunga, Siaya, kama ulivyotaka ukoo wa marehemu. Mjane akawa mtu wa kuamuliwa. Miaka 16 baadaye alijiamulia mwenyewe, na ndoa yake na Bw. Mbugua ikadumu hadi alipofariki Agosti 2011.

Ni kweli kuwa kauli ya kutendwa si tusi. Mtu huchaguliwa, hupendwa na huheshimiwa. Lakini mwandishi anapochagua baina ya *alimwoa*, *aliolewa na* na *walioana*, huwa ameshasema ni nani, kwa maoni yake, aliyekuwa na uamuzi. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuuona uchaguzi huo, hasa anapoandika habari za ndoa ambayo watu wazima wawili wameiridhia.