Chura wa matete: jinsi ya kumtambua mwimbaji wa usiku wa Rusizi

Mvua zinapoanza, mashamba ya mpunga ya Bugarama wilayani Rusizi, bonde lililo chini kuliko sehemu nyingine yoyote ya Rwanda, hujaa milio mikali usiku kucha. Wengi huidhania kuwa ya wadudu. Mara nyingi mwenye sauti hiyo ni chura anayeenea juu ya kidole gumba.

Kitaalamu huitwa Hyperolius viridiflavus. Urefu wake ni takriban sentimita 3. Ngozi yake ni laini, haina vinundu kama ya yule chura mzito wa uani. Ncha za vidole zina visahani vinavyonata, navyo humwezesha kupanda bua la tete hata likiwa limelowa. Mboni ya jicho lake imelala. Ya vyura wa miti wa jenasi ya Leptopelis, waishio katika misitu kama Nyungwe, husimama wima.

Rangi ndiyo inayowapotosha watu. Wachanga wote hutoka majini wakiwa na rangi ya hudhurungi. Jike akipevuka hupata madoa au mistari inayong'aa. Baadhi ya madume hubadilika vilevile, wengine hubaki na vazi la utotoni. Hivyo vyura wawili wasiofanana hata kidogo huenda wakawa mume na mke. Dume anapoita, koo lake huvimba kama puto.

Hata wataalamu hawategemei sura pekee. Mwaka 2013 walimtangaza Hyperolius rwandae, chura mwembamba wa kijani mwenye pua iliyochongoka, ambaye awali alihesabiwa pamoja na jamaa zake. Mlio na vinasaba vilisaidia kumtenga.

Je, kumgusa chura huleta chunjua? La. Chunjua husababishwa na virusi vya binadamu. Hatari yenyewe humwelekea chura, kwani ngozi yake hupitisha maji na hewa, na dawa ya kuua wadudu iliyo shambani au mkononi hupenya vivyo hivyo.

Mayai hubandikwa kwenye mimea iliyo majini, na viluwiluwi huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuota miguu. Shamba likikaushwa mapema, kizazi hicho hufa. Mchana wakubwa hupumzika kwenye matete ya kingo za mifereji, na kingo hizo ndizo hufyekwa kwanza.