Daftari Linaloweza Kukaa Litein

Mkulima wa Litein au Kapkoros akipeleka majani ya chai kituoni, karani hupima na kumpa risiti. Mwisho wa mwezi hamwulizi mtu: anajumlisha kilo zake mwenyewe, nyumbani, kimya kimya. Nodi ya Bitcoin, yaani kompyuta inayotunza daftari la sarafu hiyo ya kidijitali, hufanya kazi hiyo, ila hukagua miamala ya dunia nzima, tangu wa kwanza, Januari 2009.

Daftari lake huongezewa ukurasa, yaani bloku, kila baada ya dakika 10 hivi. Mwaka 2010 mwanzilishi wa Bitcoin, Satoshi Nakamoto, aliweka kikomo cha megabaiti 1 kwa bloku. Foleni za miamala ziliporefuka na ada kupanda, watumiaji walifarakana. Agosti 2017 Bitcoin Cash ilijitenga ikiwa na megabaiti 8, na mwaka uliofuata ikafika 32. Bitcoin yenyewe ilibadili tu namna ya kupima bloku, na bloku yake haiwezi kupita megabaiti 4.

Megabaiti 1 kila dakika 10 ni gigabaiti 53 hivi kwa mwaka. Bloku za 32 zikijaa, ni zaidi ya 1,600. Bando la nani Bomet litahimili hizo?

Asiyemudu nodi huachia pochi ya simu iulize salio kwenye seva ya mtu. Katika kuuliza, kwa kawaida pochi huzitaja anwani zake zote, na mwenye seva anajua papo hapo kwamba ni za mtu mmoja. Ndiyo maana nasema ukubwa wa bloku ni suala la faragha kabla ya kuwa suala la kasi.

Nodi yako nayo huvujisha siri. Ikitangaza muamala, mtu aliyeunganishwa na nodi nyingi anaweza kukisia umetoka kwenye anwani ipi ya intaneti. Kenya laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, hivyo kutoka anwani hiyo hadi jina lako si mbali. Ipitishe nodi kwenye mtandao wa Tor, unaoficha anwani hiyo. Programu ya Bitcoin Core inaruhusu.

Diski ikiwa ndogo, pogoa, kama michai inavyopogolewa: nodi hukagua kila bloku, kisha hubaki na za karibuni tu, hata megabaiti 550. Lakini kwanza lazima ipakue daftari zima, zaidi ya gigabaiti 600. Kwa mzigo huo, chama cha wakulima bado kinaweza kuchangishana kikawa na nodi yake. Kikomo kikipandishwa mara nane, hakitaweza.