Kipandauso cha kila mwezi: Je, mama anaweza kuruka siku zake?

Tabora mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mtu akisema kichwa kinamuuma hakuna anayeshangaa. Jua litalaumiwa, malaria italaumiwa, mawazo yatalaumiwa. Kalenda haimjii mtu akilini, ingawa kwa baadhi ya wanawake ndiyo ilipaswa kuangaliwa kwanza.

Hawa ni wale ambao kichwa huwashika, mara nyingi upande mmoja, kikidunda, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele. Hicho ni kipandauso. Kikianza kati ya siku mbili kabla ya hedhi na siku ya tatu ya damu, tena mwezi baada ya mwezi, huitwa kipandauso cha hedhi. Hedhi inapokaribia, kichocheo cha estrojeni hushuka mwilini, na ubongo wa mwenye asili ya kipandauso hauvumilii mshuko huo.

Mama wa namna hii hupima malaria na kuambiwa hana. Humeza Panadol, hujifungia chumbani gizani, watoto wakatembea kwa kunyata, na siku mbili za biashara zikapotea. Mwezi unaofuata, hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye vidonge vya majira. Paketi ya kawaida ya vidonge vyenye vichocheo viwili ina vidonge 28. Kati yake 21 vina vichocheo, na 7 vya mwisho havina. Katika paketi nyingi za kwetu hivyo 7 ni vya kahawia, vyenye madini ya chuma. Mwanamke akifika kwenye vya kahawia, estrojeni inashuka, damu inatoka, na kwa wengine kichwa kinaanza palepale. Damu hiyo wala si hedhi ya kweli. Ni mwili unaoitikia kukatiwa vichocheo.

Kwa nini basi siku hizo 7 ziliwekwa? Waliotengeneza vidonge vya kwanza, vilivyoidhinishwa kuzuia mimba huko Marekani mwaka 1960, walitaka mtumiaji aendelee kuona damu kila mwezi kama alivyozoea. Mwaka 2019 wataalamu wa afya ya uzazi wa Uingereza waliandika katika mwongozo wao kwamba mapumziko hayo hayana faida ya kiafya. Marekani nayo iliidhinisha vidonge vya kumeza siku 84 mfululizo tangu mwaka 2003.

Kuruka siku, kwa hiyo, ni kumaliza vidonge 21 na kesho yake kuanza paketi mpya bila kugusa vile vya kahawia. Tafiti zilizopo si kubwa, lakini zinaonyesha siku za maumivu hupungua, hasa kwa wanawake ambao kichwa huwapata katika juma la mapumziko.

Hapa naomba msomaji usikimbilie duka la dawa muhimu. Kuna wanawake ambao, kabla kichwa hakijaanza, huona vimulimuli au mistari ya kumetameta, sehemu ya macho hupotea, uso au mkono hufa ganzi, au maneno hugoma kutoka. Dalili hizo huchukua dakika kadhaa hadi saa moja. Mwenye dalili hizo hatakiwi kutumia vidonge vyenye estrojeni, awe na umri wowote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavikataza kabisa, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Kiharusi kwa mama wa miaka 28 si jambo la kubahatisha kwa sababu ya kichwa. Mwenye kipandauso aliyefikisha miaka 35, mwenye shinikizo la juu la damu, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita nao watafutiwe njia nyingine. Kupima presha ni dakika mbili, lakini watu hununua paketi dukani bila kupimwa.

Mashangazi wana hoja yao: damu isipotoka, uchafu unajaa tumboni. Haujai. Vichocheo vya vidonge huzuia ukuta wa mfuko wa uzazi usinenepe, kwa hiyo hakuna kinachosubiri kutoka. Tena, hedhi ya kila mwezi kwa miaka mingi ni jambo jipya kuliko tunavyodhani. Kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, wanawake wa Kinyamwezi walitembea na wapagazi. Bibi wa enzi hizo aliyezaa watoto wanane alikaa miaka sita akiwa mjamzito tu, na kunyonyesha kukamwongezea miezi mingine mingi bila hedhi. Hakuna aliyemwambia amejaa uchafu. Uwezo wa kushika mimba nao hurudi upesi mtu akiacha vidonge. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayoweza kuuchelewesha.

Usumbufu upo. Miezi ya mwanzo matone ya damu hutokea bila ratiba. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge, kwa hiyo mtaje muuguzi dawa zote unazotumia.

Kwa asiyefaa estrojeni, mlango haujafungwa. Muulize daktari kuhusu njia zenye projestini pekee, kama sindano au kipandikizi, ingawa si kila mmoja kichwa chake hupata nafuu. Wapo wanaosaidiwa na naproksini kwa siku chache kuzunguka hedhi, au propranololi kila siku. Kinachoharibu ni kumeza Panadol siku 15 au zaidi kila mwezi: baada ya miezi kadhaa dawa yenyewe huanza kuleta maumivu.

Kabla ya kwenda kituoni, andika kwenye daftari au simu, kwa miezi mitatu, siku ya kichwa na siku ya damu. Binti aliye bweni naye aandike, kwani kipandauso mara nyingi huanza umri huo. Na ukikubaliwa kuruka, mwambie muuguzi mapema: paketi tatu ambazo mwenzako anatumia siku 84, wewe zitakuishia siku ya 63. Kwa mwaka utahitaji paketi 17 au 18, yeye 13.